Kiswahili Kinapolia: Mtazamaji wa Kawaida na Filamu Zake

Uhakiki wa filamu hauanzii katika majarida wala katika kumbi za mihadhara. Huanzia mlangoni mwa sinema, watazamaji wanapotoka gizani na kuelekea kituo cha matatu. Mmoja husema kwamba filamu "imeweza". Wa pili husema kwamba yule mama aliyefiwa hakulia, bali aliigiza kulia. Wa tatu huuliza ni askari gani wa Nairobi amkamataye mshukiwa kwa Kiingereza cha kitabuni namna ile. Hakuna hata mmoja wao anayetaja uhalisia, usawiri wa wahusika wala uwiano wa lugha na muktadha, lakini hayo hasa ndiyo wanayoyazungumzia.

Mtazamaji huyu wa kawaida hakusomea sanaa za maonyesho. Jina la mwelekezi halijui na wala hana haja nalo. Hutazama anachokipata: leo filamu ya Kihindi katika basi la usiku liendalo Mombasa, kesho ya Kichina katika kibanda cha video, kesho kutwa ya Kikenya katika simu ya rafiki. Wasomi wa Kiswahili, ambao kwa miaka mingi wameielekeza mizani yao kwenye riwaya, tamthilia na ushairi, aghalabu huyachukulia maoni yake kuwa porojo za njiani. Makala haya yanashikilia kinyume. Maoni ya mtazamaji huyu yakisikilizwa kwa makini, yanafichua jambo ambalo halina budi kuwashughulisha wana-Kiswahili: katika filamu na vipindi vya Kenya, Kiswahili kimepewa kazi ya kuchekesha, kuamrisha na kuiba, ilhali Kiingereza kimeachiwa kupenda, kufikiri na kulia. Na filamu zilizomgusa zaidi mtazamaji huyu katika miaka ya karibuni ni zile zilizouvunja mgawo huo.

Mgawo huo haukuzuka jana. Runinga ya taifa ilichangia kuujenga, ingawa kwa nia njema. Vipindi kama "Vitimbi" na "Vioja Mahakamani" vilikiingiza Kiswahili katika sebule za Wakenya kwa miongo kadhaa, na marehemu Benson Wanjau, aliyejulikana kote kama Mzee Ojwang', alipofariki mwaka wa 2015 aliombolezwa na taifa zima. Sifa hiyo aliistahili. Hata hivyo, kicheko cha vipindi vya aina hiyo mara nyingi kilitokana na lafudhi: namna mtu wa bara anavyokivunja Kiswahili, au namna mtu wa pwani anavyokinyoosha kupita kiasi. Watoto waliokua wakivitazama walijifunza, bila kuambiwa na mtu, kwamba mhusika akifungua kinywa kwa Kiswahili, kicheko ki karibu. Hata leo mwigizaji akitamka sentensi safi ya Kiswahili katika tukio la huzuni, baadhi ya watazamaji ukumbini huguna kwa kicheko. Si kwamba sentensi ile inachekesha. Ni sikio lililozoezwa hivyo.

Filamu za kigeni nazo zilitia mkono wao. Katika "Out of Africa" ya mwaka wa 1985, filamu iliyotwaa tuzo saba za Oscar, Kiswahili ni lugha ya salamu na ya maagizo. Mapenzi, majonzi na tafakuri ni mali ya wazungu na Kiingereza chao. "The Lion King" ya mwaka wa 1994 ilikwenda mbali zaidi kwa kuyafanya maneno ya Kiswahili kuwa mapambo: mfalme ajaye anaitwa Simba, nyani mwenye hekima anaitwa Rafiki, na fisi mmoja amepewa jina la Shenzi, neno ambalo mzazi wa Kiswahili angemkanya mwanawe asilitamke. Msemo "hakuna matata", ambao watalii wa pwani ya Kenya walikuwa wakiusikia katika wimbo "Jambo Bwana" wa kundi la Them Mushrooms tangu mwaka wa 1982, ulisajiliwa Marekani kuwa alama ya biashara ya Disney mwaka wa 2003, na mwaka wa 2018 jambo hilo likazua malalamiko makubwa. Mtazamaji wa kawaida alipolisikia alitoa hukumu yake kwa ufupi: wamechukua neno, wameliacha jambo.

Ni haki kutaja kwamba si wageni wote waliokifanya Kiswahili pambo. Filamu ya Kijerumani "Nirgendwo in Afrika" ya Caroline Link (2001), iliyoshinda Oscar ya filamu ya lugha ya kigeni, inasimulia maisha ya familia ya Kiyahudi iliyokimbilia Kenya kuuepuka utawala wa Hitler. Humo mpishi Owuor, aliyeigizwa na Mkenya Sidede Onyulo, anazungumza Kiswahili na mtoto wa familia hiyo, na kinachosikika ni lugha ya ulezi: ya kufundishana, kutaniana na hatimaye kuagana. Watazamaji wengi wa Kenya walioiona hukumbuka zaidi kuagana huko kuliko vita vilivyosababisha safari yenyewe. Ni ajabu kidogo kwamba iliwapasa kuyapata hayo katika filamu ya Kijerumani.

Wakati huohuo, mtazamaji wa mitaani hakukaa kusubiri. Katika vibanda vya video, wasimulizi walichukua filamu za Kichina, za Kihindi na za Marekani, wakazitia maneno yao juu ya sauti za awali. Anayejulikana zaidi nchini Kenya ni DJ Afro, ambaye Kiswahili chake kilichochanganyika na Sheng kimewafanya mashujaa wa Mumbai na Hong Kong kuzungumza kama vijana wa Nairobi. Tanzania nako alivuma Lufufu, na Kampala imejaa mafundi wa kazi hiyo kwa Kiganda. Msomi anaweza kulalamika kwamba msimulizi anapotosha kisa, na huenda malalamiko hayo ni ya haki. Lakini umaarufu wake ni ushahidi usiopingika kwamba mtazamaji hatosheki na picha peke yake, wala na maandishi ya tafsiri yapitayo mbio chini ya picha. Anataka neno, tena neno analolielewa lisemwapo. Upungufu wa wasimulizi hawa ni ule ule wa runinga: hata shujaa akifa, hadhira hucheka.

Katika hali hiyo ndipo "Nairobi Half Life" ya David "Tosh" Gitonga ilipotoka mwaka wa 2012. Mhusika mkuu, Mwas, ni kijana wa kijijini anayeuza kanda za filamu huku akiziigiza mbele ya wanunuzi. Yaani, naye ni mtazamaji wa kawaida aliyegeuka msimulizi. Anakwenda Nairobi kutafuta uigizaji, anaporwa siku ya kwanza, anatupwa korokoroni, na anaishia kuwa na maisha mawili: mchana jukwaani, usiku katika genge la wezi. Joseph Wairimu, aliyeigiza nafasi hiyo, alituzwa kuwa mwigizaji bora katika tamasha la filamu la Durban mwaka huo.

Mtazamaji akiulizwa ni kwa nini aliipenda, hatataja tuzo. Atasema: "Wale wanaongea kama watu." Jibu hilo linaonekana jepesi, kumbe limebeba uchambuzi mzima. Nyumbani Mwas anazungumza Kikuyu, gengeni Sheng, na katika ulimwengu wa maigizo Kiingereza kinaingia. Kila kipande cha maisha yake kina lugha yake, na anapovuka kutoka kipande kimoja hadi kingine, sikio hutambua kabla ya jicho. Wapo wahadhiri waliosikitika kwamba filamu iliyosifiwa namna hiyo ilikipa Sheng nafasi ya Kiswahili sanifu. Masikitiko yao yanaeleweka, lakini yamelenga pasipo. Mwizi wa mtaani akizungumza kama kamusi, filamu nzima ingeporomoka. La kuuliza ni jingine: je, lugha ya mwizi huyu imepewa moyo? Katika filamu hii imepewa, kwa sababu kinywa kile kile kinachopanga wizi ndicho kinachotamani jukwaa. Hata hivyo Kiswahili kilibaki pale pale palipozoeleka, pembezoni mwa sheria. Hakikuwa kimepandishwa daraja.

Hatua iliyofuata ilikuwa fupi, ya takriban dakika 22. "Watu Wote" (2017) ya Katja Benrath, iliyotengenezwa kama kazi ya wanafunzi wa Hamburg Media School na kuteuliwa kuwania Oscar mwaka uliofuata, inatokana na shambulio la Desemba 2015 dhidi ya basi lililokuwa likielekea Mandera. Magaidi wa Al-Shabaab walitaka abiria Wakristo watengwe na Waislamu. Abiria Waislamu walikataa. Mwalimu Salah Farah, mmoja wa waliokataa, alipigwa risasi na akafariki Januari 2016.

Mkenya anayeitazama anajua mwisho wake kabla haijaanza, na bado hupumua kwa shida. Sababu moja ni kwamba kwa mara nyingine hofu imezungumza lugha aliyowahi kuisikia. Abiria wale hunong'onezana kwa Kiswahili na Kisomali. Hawaombewi huruma kwa Kiingereza. Ujasiri wao haupambwi kwa hotuba. Hapa Kiswahili si cha mtumishi, si cha mchekeshaji, si cha mwizi. Ni lugha ya mtu anayeamua kufa badala ya kumtoa jirani yake.

Na lipo jambo dogo ambalo mwanafunzi wa isimu hawezi kulipita. Jina la Kiingereza la filamu hiyo ni "All of Us", lakini jina la Kiswahili halikuwa "Sisi Sote". Kiingereza kinamweka msemaji ndani ya kundi. Kiswahili kinasema "watu wote", na kumwacha msemaji asijulikane yuko upande gani. Kwa kisa ambacho bunduki inauliza nani ni wetu na nani si wetu, jina la Kiswahili lina jibu pana zaidi: hakuna wetu na wao, kuna watu. Mtazamaji hakulichambua hivyo, lakini alilirudia jina hilo akitoka, naye hakulirudia kwa Kiingereza.

Mwaka wa 2018 Likarion Wainaina alileta "Supa Modo", iliyoonyeshwa kwanza katika tamasha la Berlin. Jo, msichana wa miaka tisa, ni mgonjwa asiyetarajiwa kupona. Anapenda filamu za mapigano na anatamani kuwa shujaa mwenye nguvu zisizo za kawaida. Dada yake anataka aachwe acheze. Mama yake anataka alazwe, alindwe, asichoke. Hatimaye kijiji kizima kinashirikiana kumtengenezea filamu yake mwenyewe.

Kuhusu filamu hii watazamaji hawaafikiani. Wapo wasemao kwamba ni ya watoto, na kwamba kijiji chenye umoja wa namna hiyo hakipo. Wengine husema kwamba walilia, na kwamba waliomliza ni mama, si mtoto. Kundi hili la pili lina hoja nzito zaidi. Mzazi wa Kenya katika filamu nyingi huwa wa aina mbili: mkali achekeshaye au maskini ahurumiwaye. Mama wa Jo si yeyote kati ya hao. Anakosea kwa sababu anapenda. Ugomvi wake na binti yake mkubwa, katika lugha ya nyumbani inayochanganya Kiswahili na nyinginezo, ni ugomvi ambao mtazamaji amewahi kuusikia nyuma ya ukuta. Hakuna anayecheka Kiswahili kinaposikika humo, na hilo peke yake ni tukio katika historia ya filamu za Kenya.

Pengine aliyelikamilisha jambo hili ni Mtanzania. "Vuta N'kuvute" ya Amil Shivji, iliyoonyeshwa Toronto mwaka wa 2021, imetokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi iliyochapishwa mwaka wa 1999, ambayo wanafunzi wa fasihi ya Kiswahili wanaifahamu vyema. Ni Unguja ya miaka ya 1950. Yasmin, msichana wa Kihindi aliyeozwa kwa mume asiyemtaka, anatoroka, anahifadhiwa na Mwajuma, na anampenda Denge, mpinzani wa ukoloni. Kwa msomaji wa riwaya, malalamiko hayakosekani: mambo kadhaa yameachwa, na kitabu kina upana ambao saa moja na nusu haiwezi kuubeba. Mtazamaji ambaye hakukisoma kitabu hana malalamiko hayo. Yeye anashangazwa na jambo jingine: kwamba watu wawili wanapendana na kupanga siasa kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini, bila kutafuta neno la Kiingereza la kusaidia, na bila mtu yeyote kuchekwa.

Mkenya wa bara humbidi atege sikio, kwa kuwa Kiswahili cha Unguja kina kasi na mkato usio wa Nairobi. Lakini baada ya robo saa sikio hutulia, na hapo ndipo elimu ya miaka mingi ya runinga inapoanza kubomoka. Kumbe lafudhi ile iliyokuwa ikichekwa ni lafudhi ya mtu anayeweza kusema "nakupenda" akaaminiwa.

Huenda mtu akapinga kwa kusema kwamba Wakenya wa tabaka la kati hupenda na kulia kwa Kiingereza kweli, na kwamba filamu ni kioo tu. Hoja hii ina uzito. "Kati Kati" ya Mbithi Masya (2016), ambayo inasimulia juu ya wafu waliokwama katika makao fulani mbugani, ina jina la Kiswahili ilhali mazungumzo yake kwa sehemu kubwa ni ya Kiingereza, na haikupungukiwa na ukweli kwa sababu hiyo. Wahusika wake ni watu wa namna hiyo. Tatizo huzuka pale mkulima wa Kirinyaga, muuza samaki wa Kisumu na askari wa Eldoret wanapofikwa na msiba na kuhamia Kiingereza kana kwamba machozi yana lugha rasmi. Yeyote aliyewahi kukaa katika chumba cha kungojea hospitalini anajua ukweli. Daktari huandika kwa Kiingereza, lakini habari nzito huitoa kwa Kiswahili. Mwombolezaji hulia kwa lugha ya mama, na jirani humfariji kwa neno "pole", ambalo Kiingereza hakijapata kisawe chake. Kioo kisichoonyesha "pole" hiyo si kioo.

Chanzo cha kasoro hii hakifichiki. Filamu hugharimu fedha nyingi, na mara nyingi fedha hizo hutoka nje. "Nairobi Half Life" na "Supa Modo" zote mbili zilitokana na mradi wa One Fine Day Films wa Ujerumani. "Watu Wote" ilitoka Hamburg. Mradi huo umewafunza vijana wengi wa Kenya na unastahili shukrani. Lakini mfadhili asiyejua Kiswahili hana budi kuusoma mswada kwa Kiingereza, na mara nyingi mswada huandikwa kwa Kiingereza tangu mwanzo. Waigizaji ndio huachiwa kuugeuza Kiswahili siku ya kupiga picha, kila mmoja kwa kadiri ya uwezo wake. Matokeo yake ni sentensi ambazo mtazamaji huzitambua mara moja: maneno ni ya Kiswahili, mifupa ni ya Kiingereza. Hapo ndipo asemapo, "Huyu hakuongea, alitafsiri."

Haimaanishi kwamba mtazamaji wa kawaida hakosei. Ana papara. Filamu isiyo na mbio za magari humchosha, mwisho usiofungwa humkasirisha, na kila kitu hukipima kwa ratili ya Hollywood. Humsifu mwigizaji kwa kazi ya mwandishi na kumlaumu mwigizaji kwa kosa la mwelekezi. Kumsikiliza si kumfanya hakimu wa mwisho. Ni kukubali kwamba kuhusu jambo moja, yaani iwapo maneno yametoka kinywani mwa mtu au karatasini, sikio lake halidanganyiki kirahisi.

Kazi iliyosalia ni ya wana-Kiswahili wenyewe. Idara zinazofundisha tafsiri zina wanafunzi hodari wanaotafsiri matangazo na nyaraka. Wachache kati yao wakielekezwa kwenye miswada ya filamu, mwigizaji hatalazimika kukisia mbele ya kamera. Vyama vya wanafunzi, ambavyo havikosi mashindano ya ushairi na mijadala, vinaweza kutenga jioni moja kwa muhula kutazama filamu na kuijadili kwa Kiswahili. Tamasha za kitaifa za drama na filamu za shule na vyuo tayari hupokea filamu za vijana, na hakuna kinachomzuia kijana kuandika mswada wake kwa Kiswahili tangu ukurasa wa kwanza. Majarida kama haya nayo yaweke safu ya uhakiki wa filamu pembeni mwa uhakiki wa diwani na riwaya.

Yasipofanyika hayo, maoni kuhusu filamu yataendelea kuandikwa kwa Kiingereza na watu wasioisikia lugha ya wahusika, na Kiswahili kitabaki mcheshi wa karamu: hualikwa kuwachekesha wageni, kisha huombwa kutoka mambo mazito yanapoanza. Katiba ya mwaka wa 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na kuwa lugha ya taifa. Lakini urasmi wa sheria haumfanyi mtu aiamini lugha na huzuni yake. Lugha huaminiwa pale mama wa kwenye filamu anapofiwa, akafungua kinywa, na ukumbi mzima ukanyamaza. Mtazamaji wa kawaida ameshaonyesha kwamba yuko tayari kunyamaza. Wanaongojewa ni waandishi.